Mtoto Mwenye SS, na Mzigo wa Wazazi Wake

Fikirini nyumba moja ya Kipushi, usiku wa mwezi wa Juni, baridi ikiwa kali. Mtoto wa mwaka mmoja analia bila kunyamaza. Mikono na miguu yake imevimba. Mama amembeba tangu jioni. Kumbe nje majirani wananong'ona kwamba ukoo wa mama huyo una uchawi. Baba amesikia, naye aanza kumtazama mkewe kwa jicho baya. Je, maneno hayo ni kweli?

1. Ugonjwa huu ni nini?

Ni ugonjwa wa damu. Madaktari wa Congo huuita drepanositozi, ndugu zetu wa Tanzania husema selimundu, na watu wengi husema SS tu. Chembe nyekundu za damu, zilizo laini na mviringo, hupindika kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Ndipo maumivu huanza. Tena hufa upesi: chembe nzima huishi siku 120 hivi, lakini hizi huishi siku 10 mpaka 20 tu. Kwa hiyo mtoto hupungukiwa damu. Huko Ulaya ugonjwa huu ni wa nadra; kwetu Congo umeingia katika nyumba nyingi.

2. Umetoka kwa nani?

Kwa baba na mama pamoja. Kila mtoto hurithi mbegu mbili za damu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye mbegu moja mbovu, yaani AS, kwa kawaida haugui, wala hajijui. Wakioana AS wawili, katika kila mimba kuna bahati 1 kati ya 4 ya kumpata mtoto wa SS. Na hesabu huanza upya kila mimba. Basi amlaumuye mama peke yake amekosa, naye atajaye uchawi amesingizia. Wanafunzi wa Yesu walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana aliwakatalia yote mawili, kisha akamponya.

3. Wazazi wafanye nini?

Wampe mtoto maji mara nyingi, wamvike nguo za kumkinga na baridi, wamlaze ndani ya chandarua. Wamtimizie chanjo zote, na penisilini kila siku mpaka atimize miaka 5, kama daktari aagizavyo. Akipata homa, au akipauka ghafula, au akipumua kwa shida, au wengu ukivimba upande wa kushoto wa tumbo, wasingoje asubuhi: hospitali usiku uleule. Tena wamwulize daktari habari za hidroksiurea. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya dawa hiyo kwa watoto wa Angola, Congo, Kenya na Uganda: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, na vifo vilipungua.

4. Nasi tufanye nini?

Toka Kipushi mpaka Lubumbashi ni kilometa 30 hivi. Safari hiyo si ndefu kwa mtu mzima wa afya. Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa na mfuko mtupu, ni ndefu sana. Basi mmoja achangie nauli. Mwingine alale na watoto waliobaki nyumbani. Mwingine atoe damu, maana mtoto huyu aweza kuihitaji. Wote wakomeshe uvumi. Na baba asiikimbie nyumba yake. Vijana wanaotaka kuoana wapimwe damu mapema, wapate kujua kabla ya kuzaa.

Maswali ya kukumbuka

Je, SS huambukiza? La. Hurithiwa tu, mtoto acheze na kula pamoja na wenzake.

Nani ana kosa? Hakuna.

Nani ana kazi? Sisi sote. Umoja wa Mataifa, mwaka 2008, uliweka tarehe 19 Juni iwe siku ya kuwakumbuka wagonjwa hawa. Lakini mama yule hawezi kungoja tarehe hiyo. Leo jioni, bisha hodi kwake.