Dondoo muhimu: Kwa baiskeli kutoka Tunduma hadi Ileje

- Msimu: Safiri kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza njia za udongo kuwa utelezi.
- Njia: Barabara kuu ya TANZAM imejaa malori ya Zambia, ipite alfajiri, ukiwa na kiakisi mwanga mgongoni. Ukifika Mpemba, chepuka kuelekea Isongole, wilayani Ileje: takriban kilomita 50 za lami, vilima na miti.
- Mlimani: Punguza gia kabla ya mwinuko, si katikati yake. Ukishuka, bana breki na kuachia. Ukizing'ang'ania zitapata moto.
- Vifaa: Beba tyubu ya akiba, viraka, gundi, pampu na spana. Fundi wa kijijini ni hodari, ila tairi za saizi yako huenda hana.
- Mpakani: Mto Songwe ndio mpaka na Malawi. Usivuke kienyeji, pitia uhamiaji ukiwa na pasipoti.
- Ukibakiza siku: Nenda Ndolezi, Mbozi, ukakione kimondo kinachokadiriwa kuwa na tani 12. Kahawa ya Mbozi itakungoja njiani, mashambani.