Fayawoli Yako Inaongozwa Kutoka Wapi?

Ukiingia katika ofisi ya SACCOS, shule, zahanati au nyumba ya wageni yenye intaneti, aghalabu utakuta kifaa kimoja kidogo kinachowaka taa ukutani au juu ya kabati. Huenda ni ruta ya MikroTik, huenda ni FortiGate au Cisco, au ni kompyuta ya zamani iliyowekewa pfSense. Ndani yake mna fayawoli, yaani kanuni zinazoamua mawasiliano yapi yapite kati ya mtandao wa ndani na intaneti, na yapi yazuiwe. Wenye ofisi huuliza kama fayawoli ipo. Ni wachache wanaouliza nani anaweza kuingia ndani ya kifaa hicho na kuzibadilisha kanuni zenyewe.

Swali hilo ni zito, kwa sababu aliyeingia kama msimamizi hahitaji tena kuvunja kitu. Anaweza kufuta kanuni, kufungua njia ya kwenda kwenye seva ya hesabu, kuwapeleka wafanyakazi kwenye tovuti bandia ya benki, na kujifungulia akaunti yake ili arudi kesho. Fayawoli inayosimamiwa kutoka popote ni sawa na bawabu hodari aliyetundika funguo za nyumba nzima upande wa barabarani.

Ulinzi wa mlango huo wa usimamizi una mpangilio wake. Wengi huanza na nenosiri gumu. Nenosiri gumu ni la lazima, ila ni la pili. La kwanza ni mahali: ukurasa wa kuingilia unafikiwa kutoka wapi?

Kwa nini mahali hutangulia nenosiri

Mwaka 2018 iligunduliwa kasoro katika MikroTik, kwenye huduma inayotumiwa na programu ya Winbox, ile ambayo mafundi huitumia kusimamia ruta hizo kupitia poti 8291, yaani mlango wa mawasiliano wenye namba hiyo. Kasoro hiyo ilimruhusu mtu asiye na akaunti yoyote kusoma faili zilizo ndani ya ruta, ikiwemo ile inayohifadhi majina ya watumiaji na manenosiri yao. Kampuni ilitoa marekebisho mwezi Aprili mwaka huo huo. Hata hivyo, kufikia Agosti mashambulizi makubwa yalikuwa yameonekana, kwanza Brazil na kisha nchi nyingine: ruta zilizotekwa zilikuwa zikipachika kwenye kurasa za wavuti programu ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta za watu.

Mwenye nenosiri la herufi 20 hakuwa salama kuliko mwenye nenosiri la herufi 6, kwa kuwa mshambuliaji alilisoma tu, hakulikisia. Aliyenusurika ni yule aliyekuwa amesasisha programu, au yule ambaye poti 8291 ya ruta yake haikufikiwa kutoka intaneti.

Hadithi imejirudia kwa kampuni kubwa zaidi. Oktoba 2023, kasoro katika ukurasa wa usimamizi wa vifaa vya Cisco vinavyotumia IOS XE iliwawezesha washambuliaji kujitengenezea akaunti zenye mamlaka yote bila kuingiza nenosiri. Novemba 2024 ikawa zamu ya ukurasa wa usimamizi wa fayawoli za Palo Alto Networks. Kampuni hiyo iliwaambia wateja wake wazi kwamba ukurasa wa usimamizi ufikiwe na anwani za ndani zinazoaminika pekee. Serikali ya Marekani ilikuwa imeshachukua msimamo huo: Juni 2023, shirika lake la usalama wa mtandao, CISA, liliziagiza taasisi za serikali kuu kuziondoa kurasa za namna hiyo kwenye intaneti, au kuzilinda ipasavyo, ndani ya siku 14 tangu kugundulika.

Anza kwa kukagua kutoka nje

Chukua simu, zima Wi-Fi ya ofisi na utumie bando. Fungua kivinjari, andika anwani ya IP ya umma ya ofisi yako, kwanza ikitanguliwa na http, kisha https. Ukiona ukurasa unaoomba jina na nenosiri la kifaa, ujue dunia nzima inauona pia.

Usipouona, usishangilie mapema. Winbox na SSH, njia ya kuingia kwenye kifaa kwa kuandika amri, hazionekani kwenye kivinjari. Fundi wako apime poti zote kwa programu kama Nmap akiwa kwenye mtandao ulio nje ya ofisi. Apime kifaa chenu tu. Kuchezea kifaa cha mtu bila idhini ni hatari kisheria, Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018.

Kuna ofisi ambazo hazina anwani ya umma ya peke yao, kwa sababu mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hilo hupunguza hatari ya nje, lakini haligusi hatari ya ndani. Mgeni aliyepewa Wi-Fi ya mapokezi, au kompyuta ya mfanyakazi iliyoingiwa na virusi, tayari iko ndani.

Funga kisichotumika

Kifaa kimoja huwa na njia nyingi za kuingilia: ukurasa wa wavuti, SSH, Telnet, FTP, programu ya kampuni, hata huduma ya kusimamia kupitia seva za mtengenezaji. Chagua moja au mbili unazozihitaji, nyingine zote zime.

Telnet na HTTP tupu ziwe za kwanza kuzimwa, maana hupitisha nenosiri bila kulificha. SSH, ambayo hulificha, ilibuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya manenosiri kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo chake. Miongo kadhaa baadaye, hakuna sababu ya kuiacha Telnet iendelee kusikiliza. Kwenye MikroTik kazi hii ya kuzima huduma hufanyika katika menyu ya IP, sehemu ya Services.

Taja anwani zinazoruhusiwa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Tenga sehemu ndogo ya mtandao kwa ajili ya usimamizi, ikiwezekana kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vile vile), na uweke humo kompyuta ya fundi peke yake. Wageni, simu za wafanyakazi, kamera na printa ziwe kwingine. Kisha kiambie kifaa kisikilize maombi ya usimamizi kutoka sehemu hiyo tu.

Kwenye MikroTik, kila huduma ina nafasi ya kuandika anwani zinazoruhusiwa. Kwenye FortiGate, kila akaunti ya msimamizi huwekewa orodha ya Trusted Hosts. Angalia mtego wake: akaunti moja tu ikiachwa bila orodha, kifaa kitaendelea kumwonyesha kila mtu ukurasa wa kuingilia. Kwenye pfSense kuna kanuni ya kuzaliwa nayo inayoruhusu mtandao wote wa ndani kuufikia ukurasa wa usimamizi, ili mwenyewe asijifungie nje. Andika kwanza kanuni yako iliyo finyu zaidi, ihakikishe, ndipo uizime ile.

Kuna makosa matatu ambayo hata mafundi wazoefu huyafanya. La kwanza ni kuchanganya mawasiliano yanayopita ndani ya kifaa na yale yanayokilenga kifaa chenyewe. Kwenye MikroTik yale yanayopita husimamiwa na mnyororo wa forward, na yanayolenga ruta husimamiwa na mnyororo wa input. Unaweza kuandika kanuni 50 nzuri kwenye forward na ruta yenyewe ikabaki wazi. La pili ni IPv6: fundi anafunga anwani za IPv4, anasahau kwamba kifaa kina anwani nyingine. La tatu ni kwamba MikroTik hufikiwa hata kwa anwani ya MAC na yeyote aliye kwenye mtandao mmoja nayo, bila kupitia IP. Nenda menyu ya Tools, sehemu ya MAC Server, ubakishe upande wa usimamizi tu.

Kubadilisha namba ya poti, mathalani kutoa Winbox kwenye 8291, si kinga. Poti zote ni 65,535, na programu za upekuzi huzipitia zote.

Usijifungie nje

Kanuni moja iliyokosewa yaweza kumfukuza fundi mwenyewe, hasa akiwa Mwanza na kifaa kipo Mtwara. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi nakala ya mpangilio uliopo mahali pengine. Fanya kazi ukiwa karibu na kifaa, au uwe na mtu pale mwenye waya wa konsoli.

Vifaa vingi vina njia ya kujiokoa. MikroTik ina Safe Mode, ambayo hurudisha mabadiliko nyuma mawasiliano yakikatika. Juniper ina amri ya commit confirmed, ambayo kwa kawaida hurejesha mpangilio wa awali baada ya dakika 10 usipothibitisha. Kwenye Cisco, fundi huweza kupanga kifaa kijiwashe upya baada ya dakika kadhaa kabla hajahifadhi mabadiliko. Ukishaweka kanuni mpya, usifunge dirisha la kwanza. Fungua la pili, jaribu kuingia, likikubali ndipo uhifadhi.

Anayesimamia kutoka mbali

Ofisi nyingi hutegemea fundi wa mkataba anayefanya kazi akiwa kwake. Kuruhusu anwani ya nyumbani kwake hakudumu, kwa sababu watoa huduma hubadilisha anwani za wateja mara kwa mara. Njia iliyo bora ni VPN, yaani njia iliyofichwa inayopita ndani ya intaneti hadi mtandao wa ofisi: fundi huingia kwanza kwenye VPN, hupewa anwani ya ndani, na hiyo ndiyo inayoruhusiwa kufikia usimamizi. MikroTik yenye RouterOS toleo la 7 ina WireGuard ndani yake. VPN nayo isasishwe, kwani nayo ni mlango, na uthibitisho wa hatua mbili uwekwe popote unapowezekana.

Akaunti na kumbukumbu

Mahali pakishafungwa, sasa shughulikia nenosiri. MikroTik za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na akaunti ya admin bila nenosiri lolote. pfSense hutoka na admin na nenosiri pfsense. Washambuliaji wanazo orodha hizi. Mwaka 2016, programu hasidi ya Mirai iliteka vifaa vingi kwa kujaribu tu kwenye Telnet majina na manenosiri machache ya kiwandani.

Kila msimamizi awe na akaunti ya jina lake. Anayehitaji kutazama tu apewe haki ya kusoma tu. Fundi akiondoka, akaunti yake ifutwe siku hiyo hiyo. Weka kikomo cha majaribio yaliyokosewa. Kumbukumbu za nani aliingia, lini na kutoka wapi zitumwe kwenye kompyuta nyingine, kwa sababu mvamizi aweza kufuta zilizo kwenye kifaa.

Ukikuta akaunti usiyoijua, usiifute ukaendelea na kazi. Tenganisha kifaa na intaneti, hifadhi kumbukumbu, weka programu upya kutoka toleo safi, badilisha manenosiri yote. Toa taarifa kwa TZ-CERT iliyo chini ya TCRA kama uko Tanzania, au kwa KE-CIRT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale taarifa binafsi zinapofikiwa bila idhini na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenye taarifa hizo.

Kwa mwenye ofisi

Huhitaji kujua kuandika kanuni ya fayawoli ili kuwa salama, lakini unahitaji kujua la kudai. Mwombe fundi wako akujibu kwa maandishi mambo manne: ukurasa wa usimamizi unafikiwa kutoka anwani zipi, nani wana akaunti, programu ya kifaa ilisasishwa lini, na nakala ya mpangilio iko wapi. Akaunti kuu iwe mikononi mwa ofisi, nenosiri lake kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu, wala isiwe kichwani mwa fundi pekee. Majibu hayo yaandikwe upya kila baada ya miezi 3, na fundi asiyeweza kuyatoa asikabidhiwe mtandao wako.