Nahau za Kiingereza: Anzia Baharini

Kijana wa Mtwara akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza kwa mara moja. Muda si mrefu anapewa orodha ndefu ya nahau azikariri kwa mpangilio wa alfabeti, na baada ya mtihani zote zimepotea. Ushauri wangu ni kuanza na nahau zilizozaliwa kwenye vyombo vya baharini. Waingereza walisafiri kwa matanga karne nyingi, na lugha yao bado imejaa chumvi. Mtoto wa Msimbati, Mikindani au Msangamkuu tayari anaijua picha iliyo nyuma ya maneno, kwa hiyo kazi yake imebaki nusu.

Chukua "high and dry". Neno kwa neno ni juu na pakavu: chombo kimeachwa na maji yaliyokupwa. Mvuvi wa mlango wa Ruvuma atakwambia kimepwelewa, na siku za bamvua, maji yanapokimbia mbali, anajua adha yake. Kiswahili nacho husema aliyekwama amepwelewa. Tofauti ni ndogo lakini ina uzito. Kiingereza mara nyingi hutanguliza "left", ameachwa, na hapo msikilizaji hutafuta aliyemwacha. Ukisema mnunuzi wa korosho "left us high and dry", umemlaumu mnunuzi huyo. Kama mlikwama kwa hesabu zenu wenyewe, tafuteni maneno mengine.

"In the same boat" ni kuwa katika chombo kimoja, ila huzungumzia taabu mnayoshiriki, si furaha. Usiiandike kwenye kadi ya harusi. "Miss the boat" ni kupitwa na nafasi, na aliyewahi kuachwa na pantoni haimtoki. "Show someone the ropes" ni kumwelekeza mgeni kazini: merikebu za matanga zilikuwa na kamba tele, na baharia mpya alionyeshwa moja baada ya nyingine. "Rock the boat" ni kuvuruga utulivu wa kikundi. Usiichanganye na mambo kwenda mrama, kwa kuwa mrama unaweza kuletwa na mawimbi tu, lakini hii ya Kiingereza ina mtu anayetikisa.

Hatari zaidi ni nahau inayofanana na yetu kisha ikaelekea kwingine. Nahodha anayekwenda joshi, akiubana upepo ili asonge mbele, tunamsifu kwa ujuzi. Kiingereza kinacho kitendo hichohicho, "sail close to the wind", lakini kikisemwa juu ya mtu maana yake ni kwamba anakaribia kuvunja sheria au kanuni. Ukimsifu bosi wako hivyo mbele ya wageni, umemtilia shaka hadharani.

Nyingine picha yake haikusaidii. "Under the weather" haihusu kusi wala masika. Ni kutojisikia vizuri, na kwa ugonjwa mdogo tu. Aliyelazwa mahututi usimtumie hiyo.

Weka daftari. Usiandike nahau peke yake. Andika sentensi nzima uliyoisikia, nani alimwambia nani, kisha maana kwa Kiswahili chako. Kitenzi hubadilika kufuata wakati, "missed the boat", lakini nomino iache ilivyo: jahazi halichukui nafasi ya "boat" hata kama ndilo unalolipanda. Na usiitumie mpaka umeisikia kwa watu wawili watatu tofauti.

Ukipata kazi bandarini Mtwara au kwenye boti za kampuni, nahau ziache nchi kavu. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, ya Kiingereza chepesi kilichonyooka, kwa sababu nahodha wa meli inayoingia anaweza kuwa Mfilipino, Mgiriki au Mchina, na Kiingereza ni cha kujifunza kwake kama kwako. Redioni taja kina kwa mita, mwelekeo kwa digrii na umbali kwa maili za baharini, halafu subiri arudie ulichosema kabla hujaendelea.