SOMO LA PICHA: TUANZE NA KAMERA KUBWA

Siku hizi wengi wetu tuna kamera ndani ya simu. Tunabonyeza mara mia, tunafuta mara tisini. Leo tujifunze kinyume chake: kamera kubwa ya filamu, ile ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi. Hiyo hupiga picha moja, basi!

Sababu yangu ni hii. Babu yangu alifariki akaacha picha moja tu, ya kitambulisho, ndogo kama stampu. Nilijaribu kuikuza tuitundike ukutani, uso wake ukawa ukungu mtupu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba ukubwa wa filamu si maringo. Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutoa picha ya sentimita mraba 9 hivi. Filamu ya inchi 4 kwa 5 ina karibu 129, yaani kama mara 15. Picha za kale za Zanzibar, za studio kama ya A. C. Gomes, zilipigwa kwa vioo vikubwa, ndiyo maana bado ni safi.

Kamera yafanyaje kazi?

Ingia nyumba ya mabati saa sita mchana. Tundu la msumari hutupa duara la mwanga sakafuni: hiyo ni sura ya jua. Tundu likiwa mlangoni na chumba kiwe giza, utaona mbuzi wa nje wakipita ukutani miguu juu! Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alichunguza jambo hili yapata miaka 1000 iliyopita. Kamera kubwa ni chumba hicho kilichopunguzwa: mbele lenzi, katikati mikunjo kama mivukuto ya mhunzi, nyuma kioo cha ukungu.

Kamera yenyewe ni ghali, kwa hivyo tuanze na kopo.

Hatua

1. Tafuta kopo la maziwa la kina cha sentimita 12, lenye kifuniko cha bati. Lipake rangi nyeusi ndani.

2. Toboa kitako. Bandika hapo kibati chembamba chenye tundu la sindano, milimita 0.4 hivi. Lizibe kwa utepe mweusi.

3. Katika chumba cha giza (mugdi kamili, kama jina la Soko Mugdi letu!), chini ya taa nyekundu, bandika karatasi ya picha nyeusi-nyeupe ndani ya kifuniko, upande wa dawa uelekee tundu.

4. Nje, liegemeze kopo kwenye jiwe. Fungua tundu dakika moja jua likiwa kali, tatu kukiwa na mawingu. Usitikise!

5. Rudi gizani. Tia karatasi katika dawa ya kutokeza sura, halafu maji ya siki, halafu dawa ya kuidumisha sura. Suuza sana. Dawa zinataka nyuzi 20, na joto la Garissa hupita 35. Fanya kazi usiku, mabeseni yakae ndani ya maji ya mtungi. Vaa glavu, na dawa iliyotumika usiimwage Tana wala karibu na kisima.

6. Utapata sura ya kinyume, kanzu nyeupe imekuwa nyeusi. Ilaze juu ya karatasi mpya, uso kwa uso, funika kwa kioo, washa taa nyeupe sekunde chache, kisha rudia hatua ya 5.

Ukibahatika kupata kamera kubwa yenyewe, filamu yake hupakiwa gizani kabisa, bila hata taa nyekundu. Ishike wima na upapase alama za ukingoni: zikiwa pembe ya juu kulia, upande wa dawa unakutazama.

Jaribio langu

Nilimwomba nyanya ruhusa, akakubali. Karatasi ya kwanza alicheka, ikatoka shungi bila uso! Ya pili nilimwegemeza ukutani, akatulia dakika nzima akinitazama. Kila kunyanzi likatoka. Sasa yuko ukutani, pale nilipotaka kumweka babu.

Wewe je, nani kwenu hana picha? Usingoje.

ZOEZI

1. Kwa nini mbuzi walionekana miguu juu?
2. Kwa nini karatasi ya kwanza ya nyanya iliharibika?
3. Andika insha: "Picha Ambayo Nyumba Yetu Haina."