Kipimo cha Mke Si Kipimo cha Mume

Aghalabu mume, mkewe arudipo kutoka kliniki ya wajawazito na kumwarifu kuwa amepimwa Virusi vya Ukimwi wala havikuonekana, hushusha pumzi akahisabu kuwa naye amekwisha kupimwa. Na dhana hiyo ni ya hatari, kwani wako wengi walioishi pamoja miaka na miaka, mmoja anavyo na mwenziwe hana. Mke asiye navyo leo aweza kuambukizwa kesho naye ana mtoto kifuani, na maambukizo mapya wakati wa kunyonyesha humweka mtoto katika hatari kubwa mno.

Virusi hivi hukaa katika damu, manii, majimaji ya sehemu za siri na maziwa ya mama, na njia iliyo kubwa kwetu ni kujamiiana bila ya kinga. Kisha kuchangia sindano au wembe wenye damu, na mama kumwambukiza mwanawe tumboni, katika uzazi, au anyonyeshapo. Kula sinia moja hakuambukizi, wala kupeana mikono, wala mbu. Na inasikitisha kuona mtu akitengewa kikombe nyumbani mwake mwenyewe.

Kupima katika vituo vya serikali hakuna malipo, na mazungumzo ni ya faragha. Mhudumu hupangusa ncha ya kidole kwa spiriti, akaichoma mara moja, akatia tone la damu katika kitepe, na baada ya kadiri ya robo saa husoma mistari: mmoja, ule uoneshao kuwa kipimo ni kizima, maana yake virusi havikuonekana; ikiwa miwili, hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya kutoa jibu. Tangu sheria ya Tanzania irekebishwe mwaka 2019, mtu aweza pia kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 hahitaji idhini ya mzazi.

Aliyeingia hatarini juzi asitulizwe na jibu la leo: awahi kituoni kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kinga za siku 28, kisha apimwe tena baada ya miezi 3. Na atakayeonekana navyo huanzishiwa dawa bila ya kungoja augue. Akizimeza kila siku hata virusi visionekane katika kipimo cha damu, hamwambukizi mkewe kwa kujamiiana.