Bunduki za Kijeshi Katika Michezo ya Shabaha: Masikio na Damu ya Mlengaji

Nchini Marekani raia wengi hushindana katika klabu zao kulenga shabaha kwa bunduki zilizowahi kuwa za jeshi. Mpango wa kuhimiza mazoezi hayo ulianzishwa na serikali mwaka 1903, na kwa sheria ya 1996 ukakabidhiwa shirika lisilo la serikali. Mojawapo ya mashindano yake mashuhuri ni lile la M1 Garand, bunduki iliyopokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1936. Shabaha huwa umbali wa yadi 200, yaani takriban meta 183. Baada ya risasi 5 za majaribio, mlengaji hufyatua 10 polepole akiwa amelala kifudifudi, 10 za haraka ndani ya sekunde 80, kisha 10 akiwa wima.

Mchezo huu hufunza utulivu na nidhamu. Hata hivyo, una madhara mawili yasiyoonekana ambayo mhudumu wa afya na mlengaji hawana budi kuyafahamu. Elimu hii yawafaa pia askari na walinzi wa wanyamapori wa kwetu wanaofanya mazoezi ya bunduki.

Dhara la kwanza ni la masikio. Mlio wa bunduki ya namna hii hupita desibeli 150 karibu na sikio la mfyatuaji, ilhali kikomo kinachotumika kwa mlio wa ghafla ni desibeli 140. Kila mshindani hufyatua risasi 35. Wakiwa 10 katika mstari mmoja, milio yafika 350 kwa zamu moja. Kwa hiyo mwandika alama aliye nyuma yao naye yumo hatarini.

Mlio huo huua chembe hai zenye vinyweleo katika sikio la ndani, nazo zikifa hazioti tena. Usikivu huanza kupungua kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Mgonjwa husikia vizuri chumbani, lakini penye watu wengi maneno humchanganya, na usiku masikio huvuma. Kwa anayeweka kitako cha bunduki begani kulia, sikio la kushoto huumia zaidi, kwa kuwa limeelekea mdomo wa bunduki, na la kulia limekingwa na kichwa. Mwenye dalili hizi aulizwe habari za bunduki kabla ya kuambiwa kuwa ni uzee tu.

Dhara la pili limo katika jina lenyewe. Kwa Kiswahili, risasi ni kitu kinachofyatuliwa, na pia ni madini yenye sumu. Madini hayo yamo ndani ya risasi nyingi, na pia katika fataki inayowasha baruti. Kila mfyatuo hutoa moshi na vumbi lake, likavutwa kwa pumzi, likatua mikononi na nguoni, kisha likaingia kinywani pamoja na chakula au sigara. Dalili zake ni uchovu, maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu na shinikizo la damu. Lakini wengi hawaoni dalili yoyote. Mifupa huyahifadhi madini haya kwa miongo, na wakati wa ujauzito hurudi katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2021 kwamba penye mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Kinga ni nyepesi kuliko tiba:

1. Vaa vizibo na vifuniko vya masikio kwa pamoja, hata usipofyatua.
2. Usile, usinywe wala usivute sigara uwanjani.
3. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kuondoka.
4. Badili nguo na viatu kabla ya kumkumbatia mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.
5. Usifagie vumbi kavu. Tumia kitambaa chenye maji.
6. Pima usikivu na kiwango cha risasi katika damu kila mwaka. Mjamzito akae mbali na uwanja.

Nawe mhudumu, mgonjwa anapolalamika masikio kuvuma au uchovu usioeleweka, usiishie kumwuliza kazi yake. Mwulize pia mchezo wake.