Mshubiri na Mpaka Wake

Ndugu zetu, Mtume (s.a.w.) alituamrisha kujitibu, na dawa nyingine zimo uani mwetu. Hapa Samburu penye ukame, mshubiri humea kwa maji machache.

Mtu akiungua kidogo, kwanza amiminiwe maji ya baridi muda wa dakika 20. Maji ni adhimu kwetu, lakini hapa yasibanwe. Kisha jani likatwe, utomvu wa manjano uchuruzike wote, ndipo apakwe ute wa ndani.

Lakini kila dawa ina mpaka. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asifungwe kamba wala asivikwe hirizi. Atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi. Na mtoto mchanga asinyweshwe mafuta ya mwarobaini, yamepata kuua.

Roho ni amana. Kuichelewesha kwa kungojea mzizi ni kuifanyia khiyana. Wallahu aalam.